Bahasha za Mwaka Huu

Marehemu ndiye aliyekuwa waziri wa bahasha.
Siku kumi kabla ya mwaka mpya wetu
alikuwa akipanga foleni benki, pale Sai Wan Ho,
akirudi na noti mpya zinazonata vidoleni,
akikaa mezani, miwani puani, hasemi na mtu.
Kazi yangu ilikuwa kumletea chai
na kutouliza nani anapata kiasi gani.

Mwaka huu kiti chake kina nguo za kupigwa pasi.
Nimevuta mtoto wa meza, nikakuta daftari,
mwandiko wake mdogo kama mchele uliomwagika:

Fung, mlinzi wa mchana: mia moja. Mikono miwili.
Gurung, wa usiku: mia moja. Asante yake ni ndefu, usiwe na haraka.
Lo, fundi wa lifti: hamsini, akija.
Merlinda: mshahara wa mwezi mzima na tiketi ya kwao Iloilo.
Usimpe mbele ya wageni.
Wa taka: ishirini.

Wa taka.
Miaka kumi na minane, kurasa kumi na nane,
kila mtu ana jina, hata fundi asiyefika,
naye ni wa taka, ishirini, nukta.

Nilimpigia mwanangu Vancouver.
"Mama, mpe tu kitu. Siku hizi watu wanatuma kwa simu."
Nikamwambia kitu hakina mikono miwili.

Basi saa tano usiku nikasimama ngazi za nyuma,
ghorofa ya kumi na saba,
na bahasha nyekundu, ndani mia mbili.
Si mia nne, maana nne kwetu hutamkwa kama kifo,
na kifo nimeshakipa cha kutosha.

Akaja akiburuta pipa, glavu za mpira hadi kiwikoni.
Aliponiona akasimama mbali.
"Kuna kilichovuja?"
Hapana, nikasema. Jina lako nani?
Akageuka nyuma, labda namuuliza mwingine.
"Kiu. Kiu Lai-kuen. Nimeshtakiwa?"

Nikanyoosha bahasha, mikono miwili, kichwa chini,
kama daftari lilivyoagiza.
Hakuipokea.

"Bibi, nyumba yako ina msiba.
Nyumba yenye msiba haitoi nyekundu.
Mwaka ukizunguka, utanipa."

Sikuwa nimemwambia. Mazishini hakuwepo.
Nani kakwambia?

Akavua glavu moja, kidole kwa kidole.
"Mwezi wa nane zilianza chupa za dawa.
Mwezi wa tisa nepi za watu wazima,
unazifunga kwa gazeti zisijulikane.
Kisha siku mbili hamna kitu, hata ganda la chungwa.
Kisha viatu, jozi tatu, vimepigwa rangi.
Mtu hatupi viatu vilivyopigwa rangi."

Kutoa ni moyo, husemwa.
Moyo wangu ulikuwa mikononi, yote miwili,
na hapakuwa na pa kuuweka.

Nikaipasua bahasha. Nikatoa noti, uchi,
bila nguo, jambo ambalo marehemu
asingelitaja hata kwa kunong'ona,
nikazishindilia kiganjani mwake, penye jasho la mpira.
"Hizi si za mwaka mpya. Hizi ni za ngazi."
Sijui nilimaanisha nini. Yeye alijua,
au alinihurumia.
Akazitia soksini, akavaa glavu,
nikasikia pipa likigonga hadi ya kumi na sita,
ya kumi na tano.

Daftarini nimefuta *wa taka*,
nimeandika jina, kwa mwandiko wangu mkubwa
unaokula mistari miwili.

Imebaki bahasha iliyopasuka.
Nimeizungusha nyumba nzima, jikoni, chooni, kabatini.
Siwezi kuitupa.
Ataisoma.